Mkwe Hapewi Kiporo

Vijana wangu mnaosomea upishi, nawasikia mkisema mnakula bata. Mtu ameketi ufukweni Musoma, ameshika soda ya baridi, amepiga picha, na chini yake ameandika "tunakula bata". Mimi mwenzenu nimekula bata miaka thelathini na moja, tena bata mzinga, tena kiporo chake, na nawaambia mapema kwamba bata huyo haliwi kwa picha. Analiwa kwa akili, na akili yenyewe nilichelewa kuipata.

Jina langu Nyangeta, ila vijana wa jikoni waliniita Mama Vero. Sasa nimestaafu, naishi Kabasa hapa Bunda, nina kuku saba na goti moja linalojua mvua kabla ya redio. Kazi yangu yote niliifanya kwenye nyumba moja ya wageni pale Musoma, mali ya mjane tuliyemwita Mama Josefina. Mama huyu aliwahi kula bata mzinga harusini Arusha, na tangu siku hiyo Krismasi isiyo na bata mzinga kwake haikuwa Krismasi, ilikuwa Jumanne tu. Basi kila mwaka tulioka mmoja. Na kila mwaka tulikula mabaki yake mpaka tukakutana na Mwaka Mpya.

Maana bata mzinga ana tabia mbili. Kwanza, ni mkubwa kuliko hamu ya watu. Mnakula, mnashiba, mnapumzika, mnarudi, mnamkuta bado amekaa mezani anawatazama. Pili, kidari chake kikavu. Siku ya kwanza kinavumilika. Siku ya pili, ukikipasha vile vile kilivyo, unaweza kukipeleka kwa fundi viatu akakitumia kama soli na mteja asilalamike.

Aliyenifundisha ni Mzee Bwire, mpishi mkuu, mfupi, mwenye tumbo la kuheshimika na pua ambayo ingeweza kuajiriwa na polisi. Mwaka wangu wa kwanza nilifunika bata mzinga mzima kwenye sufuria akiwa bado wa moto, na ujazo wake, wali na vitunguu tulivyomshindilia, bado tumboni, nikamwacha sakafuni hadi asubuhi. Asubuhi Bwire alisimama mlangoni, hata ndani hakuingia. Akanusa. Akasema, "Nyangeta, umefiwa." Akanipa jembe, nikachimba shimo nyuma ya choo, nikamzika bata yule mbele ya wafanyakazi wote, na Bwire akanilazimisha nisome wasifu wa marehemu. Nikasema alizaliwa Bukima, alikuwa mnene, aliuawa na uvivu wangu. Watu walicheka mpaka mpiga pasi akaunguza shuka la mgeni.

Tangu siku hiyo sijaharibu kiporo. Mkimaliza kula, toeni ujazo tumboni mara moja. Nyama ichambueni ikiwa bado vuguvugu, maana ikishapoa inashikamana na mfupa kama mtoto na mama yake siku ya kwanza ya shule. Itandazeni kwenye sinia pana, isirundikwe, ipoe haraka, kisha iende kwenye friji. Mifupa iingie sufuriani siku ile ile. Bwire alianza kazi kabla ya friji, yeye alikuwa anafukia chungu kwenye mchanga uliomwagiwa maji. Ninyi mna friji, mna majokofu, mna maikrowevu inayolia kama nzi chupani, na bado nawaona mnapasha chakula kimoja mara nne. Bwire alikuwa na neno moja tu la kiporo: usipashe, pika upya. Kiporo ukikipasha kinakumbuka jana. Ukikipika upya kinasahau.

Sasa niwaeleze siku ambayo neno hilo lilibeba ndoa ya mwanangu.

Mwaka ule mfugaji wetu wa Bukima alikuwa amehama, na Krismasi ilikuwa imebaki wiki moja. Binti yangu Veronika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bunda. Nikamlalamikia kwa simu. Akasema pana mwalimu mwenzake, Mugeta, mtu wa Butiama, labda anajua wafugaji. Akampa simu.

"Mama, shikamoo," akasema Mugeta.

"Marahaba, baba. Natafuta mzinga. Kule kwenu kuna mtu anafugaga?"

"Baba yangu mwenyewe anafugaga. Ako na mizinga mingi."

Nikamshukuru Mungu, nikaandika namba, nikampigia huyo baba, Mzee Wambura.

"Mzee, shikamoo. Nasikia una mizinga."

"Marahaba. Iko kumi na mbili."

"Nataka moja ya Krismasi. Kubwa."

"Kubwa iko moja. Lakini kali."

"Ukali si kitu, tutachinja."

"Mtachinja?"

"Tutachinja, mzee. Sisi wapishi, tumezoea."

"Haya. Mjini mna maneno yenu."

"Inakulaga nini?"

"Maua."

"Maua tu?"

"Maua na maji. Mimi siwekagi kitu ingine."

Nikajisemea, huyu ni mfugaji wa kisasa. "Na imenona? Ndani imejaa?"

"Imejaa mpaka inadondokaga."

Nikaona mafuta hayo yakidondoka kwenye wali, mate yakanijaa. Nikamwambia alete tarehe ishirini na nne.

Hapo, vijana wangu, ndipo Kiswahili chetu cha Mara kilipotuponza. Mtu wa Pwani angesema ndege anakula, mzinga unakula, na palepale mmoja wetu angeshtuka. Sisi huku ndege iko, gogo iko, mwalimu iko, vyote kubwa na vyote kali. Nilikuwa nimeagiza mzinga wa nyuki, ule wa gogo, na mimi na yule mzee tulikuwa tumeelewana vizuri sana.

Akaja saa nne asubuhi, nyuma ya pikipiki, mrefu, mwembamba, koti la suti juu na buti za mvua chini. Mzigo ulikuwa umefungwa kwenye gunia. Nikaupokea kwa furaha. Nilipoinama nikasikia ndani kunanguruma, na bata mzinga ananguruma, kila mtu anajua. Mzee alikuwa upande wa pili anafungua kamba. Nikaona ncha moja imezibwa kwa majani. Nikasema, maskini ndege wa watu, hapumui. Nikachomoa.

Yaliyofuata sikuyaona vizuri kwa sababu nilikuwa nakimbia. Nilimwona Mzee Bwire amevaa sufuria la pilau kichwani, anapiga ishara ya msalaba kwa mwiko, nyuki amemganda mdomoni. Mama Josefina, aliyekuja kumkagua ndege wake, aliumwa kwenye kope. Barazani ilikuwepo familia ya watu sita kutoka Mwanza, wanakunywa chai, na nyuki wakawafuata kwa utamu wa ile chai, wakawauma midomo. Mimi niliumwa shavu la kushoto. Aliyebaki ametulia ni Mzee Wambura peke yake. Aliwasha majani mabichi, akapuliza moshi polepole, akazungumza na nyuki wake kwa Kizanaki, wakarudi ndani mmoja mmoja, akaziba.

Ningeomba radhi hapo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini shavu lilikuwa linawaka. Nikasimama katikati ya uwanja nikamwambia mzee wa watu, mbele za wageni, kwamba ameishi miaka yote hiyo na hajui tofauti ya ndege na gogo. Nikamwambia aende darasa la kwanza akaanze upya.

Akanitazama. "Mama, wewe ndiye uliagiza. Ulivyosema kuchinja nilidhani ndivyo mjini mnasemaga kurina asali. Mimi sijachinjaga nyuki tangu nizaliwe."

Tukamkaribisha chai. Akakataa. Tukamkaribisha hata maji. Akakataa, akapanda pikipiki na mzinga wake, akaondoka. Ninyi mnajua mzee wa kwetu akikataa maji yako maana yake nini.

Bwire alipiga simu kila upande hadi betri ikaisha, na jioni likaletwa dume moja la bata mzinga kutoka Manyamanyama, dume kweli kweli, limezeeka kwa kiburi. Tukalipika kwa taratibu, likatoka zuri, la rangi ya kahawia, linang'aa. Krismasi mchana likawekwa mezani. Kisha watu wa Mwanza wakakaa wakilitazama. Midomo yao ilikuwa imevimba, mmoja hakuweza kufumba, mwingine hakuweza kufumbua. Walikunywa supu kwa mirija ya soda. Baba yao alijaribu kutafuna kipande, machozi yakamtoka, akakirudisha kwenye sahani kwa heshima.

Mama Josefina akanitazama kwa jicho moja. "Nyangeta, beba hilo dege lako upeleke nyumbani. Sitaki kuliona hata kwa jicho lililobaki."

Nikalichambua vuguvugu kama nilivyofundishwa, nikalipakia kwenye ndoo safi, nikaenda nalo kwangu mtaa wa Nyasho nikijiona mtu mwenye bahati. Nyumbani alikuwepo shemeji yangu Masatu, mdogo wa marehemu mume wangu, mvuvi wa Bukima, aliyekuja kusherehekea. Jioni ile Vero naye akafika kutoka Bunda. Akaliona shavu langu.

"Mama, umefanyaje?"

"Nyuki wa mzee mmoja wa Butiama. Mzee mbishi kama fundo la gogo. Nimemwambia ukweli wake mpaka amekimbia."

Vero akakaa chini. "Mzee gani?"

"Si huyo baba wa mwalimu mwenzako."

"Baba yake Mugeta?"

"Huyo huyo."

"Mama," akasema, "Mugeta ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye."

Nikageuka kumtazama Masatu. Masatu alikuwa anachunguza bati la dari kwa makini makubwa.

"Wanakuja kujitambulisha," Vero akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka nikuambie leo baada ya chakula, ukiwa umefurahi. Baba mdogo anajua."

"Wanakuja lini?"

"Kesho mchana."

Nilimpenda sana mtoto huyu. Nilimlea peke yangu tangu akiwa darasa la tatu, na kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akiogopa kitu kama alivyoogopa jioni ile. Na hakuwa amemaliza. Akasema Mzee Wambura ana masharti. Mtoto wake wa kwanza alipopeleka posa kwa watu fulani hapa Bunda, mzee alipewa kiporo. Akasimama katikati ya chakula, akanawa, akaondoka, na ndoa ikafa. Na hata bila yeye, sote tunajua: mkwe hapewi kiporo. Mkwe anachinjiwa. Hata kama una kifaranga kimoja, kinachinjwa.

Asubuhi ya siku ya pili ya sikukuu nilitoka na kikapu. Nani atakuuzia kuku tarehe ishirini na sita? Huku kwetu jogoo aliyeiona Krismasi haoni siku inayofuata. Mabucha yote yamefungwa, wauza nyama wamelala. Nikaenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, angalau nipate sato. Mitumbwi imepinduliwa kifudifudi, wavuvi nao wanasherehekea. Nikamuuliza Masatu, wewe mvuvi, sato wako wapi? Akasema, "Shemeji, hata samaki wanahitaji likizo."

Nikarudi nyumbani. Nilikuwa na ndoo ya bata mzinga wa jana na saa tano mbele yangu.

Nikampigia Mzee Bwire. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba toka juzi, herufi zote za midomo zilikuwa zimemtoroka. "Nyangeta," akasema, "usihashe. Hika uhya."

"Mzee?"

"Usihashe. Hika uhya. Na usidanganye tu."

Nikamwelewa. Vero akawasha jiko, mimi nikafunga kanga ya pili kiunoni.

Andikeni hapa. Mifupa nilikwisha ichemsha jana yake na kitunguu, tangawizi na punje chache za pilipili manga, kwa moto mdogo, kwa muda wa saa tatu, bila kufunika kabisa. Asubuhi nikaondoa mafuta yaliyoganda juu, nikayahifadhi, msiyatupe, hayo ni dhahabu. Supu nikaikamulia ndimu mwishoni, siyo mwanzoni, ukikamulia mwanzoni inachachuka. Mapaja nikayachana kwa vidole, siyo kwa kisu, nikayakaanga kwenye yale mafuta mpaka ncha zikawa kavu na katikati laini, nikatupia vitunguu vingi na nyanya. Kile kidari kikavu ndicho kilichonitoa jasho. Kidari usikipeleke motoni mara ya pili, kitakufa. Kipeleke kwenye karanga. Nikasaga karanga mbichi zilizokaushwa kidogo, nikazichemsha kwa ile supu ya mifupa mpaka zikaanza kutoa mafuta pembeni, nikatia mboga ya mgagani iliyochemshwa na kumwagwa maji ya uchungu, na mwisho kabisa, dakika kumi kabla ya kupakua, nikaingiza kidari kilichonyofolewa nyuzi nyuzi. Kikainywa karanga ile kama ardhi ya mwezi wa kumi inavyokunywa mvua. Nikaonja. Nikacheka peke yangu jikoni, Vero akadhani nimechanganyikiwa.

Nikasonga ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, tukatandika kitambaa.

Wakaja watatu: Mzee Wambura na koti lake, mdogo wake asiyesema kitu, na Mugeta ambaye uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama. "Shavu linaendeleaje?"

"Limepungua, mzee. Naomba radhi kwa maneno yangu ya juzi. Yalikuwa ya shavu, hayakuwa yangu."

"Tutakula kwanza," akasema.

Wakala. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, Vero nyuma yangu ameshika kanga yangu kama alivyokuwa mdogo. Mzee akanywa supu, akaomba nyingine. Akachukua ugali, akachovya kwenye karanga, akatafuna kwa muda mrefu, akamtazama mdogo wake, mdogo wake akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kupumua. Masatu alikuwa anajichotea kwa mara ya tatu.

Halafu mzee akaanza kutafuta. Akapekua bakuli la mapaja kwa kijiko, akapekua la karanga, akachungulia kwenye supu.

"Firigisi iko wapi?" akauliza.

Vijana wa siku hizi mnauziwa firigisi kwenye mifuko, kilo nzima, hamuwezi kuelewa. Ndege mmoja ana firigisi moja, na firigisi hiyo ni ya mzee mgeni. Ndege akichinjwa kwa ajili yako, firigisi inakaa kwenye sahani yako, ndiyo hati yake. Mimi niliipika Krismasi, nikaiweka kwenye kibakuli chake kwenye friji. Asubuhi ile, wakati natafuta kuku mitaani, mtu mmoja mwenye njaa ya mvuvi alikuwa ameifungulia friji kinywa.

Masatu akakohoa. Akaendelea kukohoa.

"Au hii ndege ilizaliwa bila firigisi," Mzee Wambura akasema taratibu.

Ningeweza kusema paka ameila. Ulimi ulishajikunja tayari kwa paka. Kanga yangu ikavutwa nyuma, nikajua Vero ananiomba niseme paka. Nikakumbuka sauti ile ya mdomo uliovimba.

"Mzee," nikasema, "hicho ni kiporo. Huyo ndege alichinjwa kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Hawakumla kwa sababu nyuki wako waliwauma midomo, wakashindwa kutafuna. Leo nimetafuta kuku Musoma nzima sikupata. Firigisi ameila shemeji yangu huyu hapa. Nimekipika upya kwa mikono yangu yote miwili, lakini ni kiporo, na mkwe hapewi kiporo, hilo nalijua. Kama ni kuondoka, uondoke kwa kosa langu, siyo la mtoto. Mtoto hana kosa."

Mugeta alifumba macho. Mzee Wambura akaweka kijiko chini.

"Kule Bunda," akasema, "waliniambia imechinjwa asubuhi. Nikauma, katikati nikakuta barafu." Akamgeukia mdogo wake. "Si ilikuwa na barafu?"

"Ilikuwa na barafu," mdogo wake akasema, na hilo ndilo neno pekee alilolisema siku ile.

"Wageni wangapi waliumwa?"

"Sita, mzee. Na Mama Josefina jicho. Walikunywa supu kwa mrija."

Kitu kikaanza kumtikisa mabega. Mwanzoni nilidhani ni hasira. Kumbe mzee alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, kimemshika tumboni, akapigapiga meza kwa kiganja, akajaribu kusema akashindwa, na aliposhindwa akaiga mtu anayenyonya mrija kwa midomo iliyovimba, hapo sote tukaanguka. Masatu alicheka hadi akakiri mwenyewe kwamba firigisi ilikuwa tamu.

Lakini mzee alipofuta macho alirudi kuwa mzee. "Sisi tumeona, na tumekula," akasema. "Ila mimi kwangu nina mwenye neno la mwisho. Mama Mugeta hajaja, mguu unamsumbua. Nifungie kidogo naye aonje. Na usimfiche, nitamwambia ni kiporo. Atakavyosema yeye, ndivyo itakavyokuwa."

Nikafungasha kwenye hotipoti yangu nzuri, ya maua mekundu, karanga chini, mapaja juu, nikamsihi iliwe jioni hiyo hiyo, isilale tena. Wakaondoka.

Tukangoja. Siku ya kwanza simu haikulia. Siku ya pili Vero aliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Alisema mama gani wa Kizanaki atakubali, mumewe akapigiwe kelele mbele za watu, halafu aletewe mabaki nyumbani. Nilimwambia anyamaze, lakini nami nilikuwa najiuliza hilo hilo. Ni kweli nilikuwa nimemtukana mzee, na ni kweli nilikuwa nimemlisha kiporo. Ukweli wangu haukufuta hata moja.

Siku ya tatu mchana Mugeta akaingia, peke yake, ameshika hotipoti yangu. Sisi tunajua chombo hakirudi kitupu, na akina mama wana lugha yao ya vyombo. Kikirudi kimeoshwa na hakina kitu, mambo yamekwisha, hakuna haja ya barua. Nikakipokea. Kilikuwa kizito.

"Mama amesemaje?" Vero akamuuliza.

"Amekula yote. Amesema nisiseme kitu mpaka mfungue."

Masatu akasogea, akitegemea nyama. Nikafungua.

Ndani mlikuwa na kipande cha ugali wa mtama wa jana yake, umekauka pembeni, umekatwa nusu na upande mmoja bado una alama za vidole vya mtu aliyekwisha kuumega. Juu yake dagaa waliobaki, wa baridi. Basi, hakuna kingine.

Vero akaugusa ule ugali, akaona ulivyo mgumu. "Mama, wameturudishia kiporo."

Mimi nilikuwa tayari nimekaa chini. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Mgeni anachinjiwa. Mkwe anachinjiwa. Nyie wote hapa, mkirudi nyumbani kwenu jioni na njaa, mama zenu wanawachinjia? Wanawaambia fungua kabati, kuna kiporo cha jana, kule.

"Kanawe mikono," nikamwambia Vero. "Na wewe Mugeta kanawe, baba. Mama yenu ametuletea chakula."

Dagaa walikuwa wamezidi chumvi. Tulikula wote wanne kutoka kwenye ile hotipoti, kwa vidole, na hatukupasha.